Gumba Lisikae Njiani

Watu kumi na wanne walikuwa sebuleni, na sebule yenyewe ilijengwa kwa watu sita. Viti vinane vilikuwa vya kuazima, na majirani walioviazimisha walikuja kuvikalia wenyewe, wasije wakavikuta vimevunjwa miguu. Waliobaki walibanana kwenye kochi, na wawili walikaa juu ya sanduku la cherehani ya mama mwenye nyumba. Wote walikuja kumwona mchumba wa fundi friji, mwana wa mama huyo.

Mchumba alikuwa ameshashinda, kama haya mambo yana kushinda. Alisalimia kwa mpango, wakubwa kwanza. Hakuuliza choo kiko wapi mpaka alipoonyeshwa. Mama alipotoka jikoni na trei ya chai, binti aliinuka, akaipokea, akaanza kuizungusha mwenyewe.

"Afadhali wewe unashika trei kama binadamu," alisema shangazi, dada wa marehemu baba mwenye nyumba, mwanamke asiyejua kumsifu mtu bila kumchana mwingine. "Huyu wifi yangu hubeba vitu magumba juu. Utadhani yuko barabarani anaomba lifti."

Watu wakacheka, mama naye akacheka. Alishazoea. Miaka yote ya ndoa yake wifi yake alikuwa akimpa maneno hayo hayo, na miaka yote alikuwa akimpa chai.

Ilibaki zawadi. Binti alileta mapazia, yamekunjwa vizuri, yamefungwa kwa mkanda wa plastiki, ule mgumu wa kufungia mizigo. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu na msemaji wa ukoo, aliuvuta mkanda kwa vidole, kisha akautia menoni.

"Shemeji, niletee mkasi," alisema na mkanda mdomoni. "Haya meno yamebaki ya kuchekea tu."

"Mkasi uko ndani ya sanduku la cherehani," mama alisema, akawatazama wawili waliokuwa wamelikalia.

"Msiwasumbue," binti alisema.

Trei ilikuwa juu ya kiganja chake cha kushoto, ina glasi tano za chai ya moto. Mkono wa kulia uliingia mfukoni mwa sketi, ukatoka na kisu cha kukunja, kidogo, mpini wa mti uliochakaa. Hakuiweka trei chini. Alitia kucha ya kidole cha pete kwenye mfereji wa bapa la kisu, gumba lake likasimama kando, limenyooka, kama mtu asiyetaka kuhusishwa. Akatikisa kifundo cha mkono mara moja kuelekea chini.

Tak.

Akaukata mkanda mbele ya pua ya Baba Mdogo. Kisha akausukuma mgongo wa kisu kwenye nyonga yake mpaka kikajifunga, akakigonga pajani mara mbili.

"Lala," alikiambia, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Jirani mmoja alikuwa na mkate shavuni, ukabaki shavuni. Baba Mdogo alikuwa na kipande cha mkanda kinaning'inia mdomoni. Mama alikuwa amesimama nusu, na nusu iliyobaki hakuimalizia.

Maana hapakuwa na mtu humo ndani, hata majirani, asiyekijua kitendo kile. Walikiona kwa miaka zaidi ya ishirini, mikononi mwa marehemu, akimenya chungwa, akikata uzi wa mkewe, akichonga penseli za watoto wa mtaa mzima. Marehemu alikuwa mfungua marobota ya nguo za mitumba. Kabla hajaoa, mkanda wa chuma wa robota ulimrukia, ukamkata mshipa wa gumba la kulia, na gumba lile halikupinda tena mpaka alipozikwa nalo. Kwa hiyo alifungua kisu kwa kidole cha pete. Mwenye gumba zima afungue kisu hivyo ili iweje? Ni kama mwenye miguu mizima kuchechemea. Na lile neno, lala, na kule kugonga paja mara mbili, yalikuwa ya kwake peke yake. Ndivyo nyumba ile ilivyoamini, na haikuwahi kupata sababu ya kuuliza.

Binti aliusikia ule ukimya na akadhani ni kisu chenyewe. Msichana amekuja kuonwa ukweni ana kisu mfukoni.

"Samahanini," alisema. "Ni mazoea tu."

Baba Mdogo aliutoa mkanda mdomoni. "Nani alikufundisha, binti yangu?"

Binti alimtazama mchumba wake. Mlangoni, kabla hawajaingia, walikubaliana aseme yeye ni karani wa ghala, na ameshasema. "Nyumbani," alijibu.

"Nyumbani nani?"

"Mama."

"Na mama alifundishwa na nani?"

"Mtu wa zamani, kazini kwake. Mimi simjui."

"Kazini kwake ni wapi?"

Fundi friji akamjibia. "Kwenye marobota. Pale pale alipokuwa baba."

"Naye binti pia yuko pale?"

"Ameanza miaka miwili iliyopita. Baba alishafariki." Alisema hivyo akitaka kusaidia, na lilipomtoka akajua hajasaidia.

Shangazi aliweka glasi yake chini polepole. "Mwanangu, baba yako ulisema ni nani?"

"Nilisema nimelelewa na mama."

"Hilo nililisikia. Nimeuliza jingine."

"Baba yangu, Shangazi, sipendi kumzungumzia."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

Ungeweza kuwasikia watu wakihesabu. Marehemu alifanya kazi pale miaka ishirini na sita. Hata yule jirani wa mkate, ambaye hesabu alizikimbia darasa la tatu, aliipata hii. Shangazi aliyatazama masikio ya binti, akaitazama picha ya kaka yake ukutani, akarudi kwenye masikio. Binti akayafuata macho hayo yakienda na kurudi, na mara ya pili akaelewa. Akaiweka trei mezani, hata tone halikumwagika.

"Kwaherini," alisema.

Mlangoni palikuwa na jozi kumi na tano za viatu, na vyake vilikuwa chini kabisa. Alipiga magoti kuvitafuta, akifukua ndara za watu moja moja, na watu kumi na wanne wakimtazama mgongo. Fundi friji aliinuka.

"Kaa," mama yake alisema.

Akakaa. Neno lenyewe mama hakujua limetoka wapi, lakini lilimtoka, na kijana wa miaka ishirini na saba akalitii huku mchumba wake akiwa magotini. Hilo ndilo lililomuuma mama kuliko yote baadaye, na halikumwacha alale.

Wiki ile biashara ya mama ilichangamka. Alishona barazani, zipu na mapindo, na ghafla kila mwanamke wa mtaa akawa na nguo ya kurekebishwa. Mmoja alileta suruali ikunjwe, na ilikuwa imekunjwa tayari. Mwingine alileta gauni zima kabisa, akakaa saa nzima kwenye benchi akimtazama mama usoni.

"Pole, shoga."

"Pole ya nini?"

"Ya kazi. Kazi nyingi."

Mwenye sketi ya bluu alirudi Jumanne ameishika kwa vidole viwili. "Mama, hii zipu umeitia juu chini. Kuifungua mpaka nipige magoti."

Mama aliitazama. Tangu ajifunze kushona hajawahi kutia zipu juu chini. Aliifumua. Wakati huo shangazi alikuwa ndani, hajaondoka tangu Jumapili, akipokea wageni wa mwenye nyumba kama msiba wa pili.

"Ndugu hawaoani," alikuwa akimwambia fundi friji. "Hata kuku tunawatenganisha."

"Baba hakuwa mtu wa namna hiyo."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako. Namjua toka analia anataka kubebwa. Alikuwa mpole. Wapole ndio hao hao."

"Shangazi, una ushahidi gani zaidi ya kidole?"

"Na wewe una ushahidi gani wa kukikataa?"

Fundi friji aliinuka. Alimpigia binti simu mara thelathini na kitu, na simu iliita mpaka ikachoka. Akatoka barazani, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama, uliniambia nikae, nikakaa."

"Najua."

"Jumamosi wazee wanatakiwa kwao. Baba Mdogo anasema hakanyagi. Wewe unasemaje?"

Mama alisukuma kitambaa chini ya sindano. Asubuhi ile alikuwa ameitoa picha ya mumewe ukutani, akashindwa aiweke wapi, akairudisha, lakini ameigeuza. Mwanawe ameshaiona. Mbona marehemu asimwambie? Miaka ishirini na mitano alimwekea maji ya kuoga, akayanusa mashati yake kabla ya kuyafua kama mke yeyote mwenye akili, na hakunusa kitu zaidi ya dawa ya nondo. Sasa mtu amekufa, humuulizi, na anakutia aibu mbele ya viti vya kuazima.

"Nasema," mama alijibu, "kwamba hatuendi kuposa na swali mfukoni."

Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi, alifungua droo ya kitanda, akachukua kisu cha marehemu. Kilikuwa humo tangu mazishi. Hakuna aliyekifungua, kwa sababu springi yake ilikuwa ngumu na kila mtu alisema hiki kinamjua mwenyewe. Akakitia kwenye mkoba, akavaa viatu.

"Wifi, unakwenda wapi?" shangazi aliuliza.

"Kununua uzi."

"Uzi umejaa hapo."

"Wa rangi nyingine."

Kwenye uwanja wa marobota hakuwahi kukanyaga. Mumewe alimkataza toka mwanzo. Usije, alimwambia, kule tunavaa matambara ya watu na tunabeba kama punda, niache nirudi nikiwa mume. Naye aliona ni heshima akamwacha. Wiki hii ndipo alipoanza kuyageuza maneno yale upande wa pili.

Mlinzi wa geti alimtazama kuanzia viatu. "Unanunua au unauza?"

"Namtafuta mama anayepima mizigo," alisema, kama mwanawe alivyomwelekeza kuhusu mama wa binti.

"Mama Mizani? Sema unataka kupimwa, nikufungulie."

Alimpita hajacheka. Ndani kulikuwa na paa kubwa la mabati lisilo na kuta, na marobota yamepangwa kama nyumba za ghorofa, na harufu ile ya dawa ya nondo ikamjia usoni, harufu ya mashati ya mumewe, ikamfanya asimame kidogo. Mwanamke mnene mwenye penseli nyweleni alikuwa amekaa kando ya mizani. Mama hakusalimia. Alikitoa kisu, akakiweka juu ya sahani ya mizani.

"Unakijua hiki?"

Mama Mizani alikitazama. Akaishusha leso iliyomziba pua, akainuka, mwili wake wote, kama mtu anayempisha mkubwa.

"Cha Mzee Kidole," alisema. "Umekitoa wapi?"

"Mimi ni mkewe."

"Mwenye cherehani." Alitaka kumpa mkono, mkono ukabaki hewani, haukupokelewa. "Karibu. Mbona umesimama?"

"Nina swali moja, nikijibiwa naondoka. Mwanao ni wa nani?"

Penseli ilidondoka. Mama Mizani hakuiokota. Alimtazama mgeni, akakitazama kisu, na uso wake ukapita kwenye mshangao, ukaingia kwenye hasira, ukakaa huko.

"Ndiyo maana mwanangu hali tangu Jumapili," alisema. "Anarudi anajifunika gubigubi, nikimuuliza ananiambia kichwa. Kumbe ni hili. Ungeniuliza kwa simu ningekutukana mpaka salio likuishie. Lakini umekuja kwa miguu yako. Haya, geuka. Unamwona yule pale juu, kwenye robota la mashuka?"

Juu ya robota alilala mwanamume, miguu inaning'inia, kofia usoni. Masikio yake yalitoka pande zote mbili za kofia, makubwa, yamekunjika juu. Mama aliyajua masikio yale. Aliyatazama Jumapili yakiwa na hereni.

"Mpakiaji," Mama Mizani alisema. "Uwanja mmoja, miaka ishirini na mitano, na kumi na minane ya mwisho hatusemezani. Akilewa humwita binti yake mbele ya watu amnunulie sigara. Ulitaka akutajie huyo, mbele ya wakwe, na chai mkononi?"

Mama alifungua mdomo. "Na kisu?" alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake.

"Kisu kimefanyaje?"

"Anakifungua kama mume wangu. Kidole cha pete. Na gumba lake ni zima."

Mama Mizani alimkazia macho kama anayesubiri mengine. Alipoona hakuna mengine, alicheka, mara moja tu, kwa kukosa la kufanya. "Hilo tu?"

Kengele ilipigwa. Lori lilikuwa limeshateremsha mzigo, na marobota yalikuwa yamelazwa sakafuni kwa mistari. Watu walitoka nyuma ya milima ya nguo, wanaume na wanawake, wazee na vijana, kama thelathini hivi, kila mmoja akasimama mbele ya robota lake. Mkono wa kushoto ukashika mkanda. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni.

Tak. Tak tak. Taktaktak, kama mvua inayoanza juu ya bati. Visu thelathini vilifunguka kwa kidole cha pete, na magumba thelathini, mazima, manene, membamba, mengine yana rangi ya kucha, yalisimama kando yamenyooka. Mikanda ikakatika, ncha zake zikaruka juu kwa mlio wa mjeledi, zikapita pale ambapo gumba la mtu mwingine yeyote duniani lingekuwa. Marobota yakahema na kuvimba. Kisha visu vikasukumwa kwenye nyonga, vikagongwa pajani mara mbili mbili.

"Lala," ulisema uwanja mzima, kila mtu kwa wakati wake, bila kufikiri.

Mama alijishika kwenye mizani. Mshale ukapanda.

"Wote magumba yao ni mazima?" aliuliza, akajua ni swali la kijinga.

"Yote. Ndiyo sababu," Mama Mizani alisema. "Kabla hajatufundisha, kila mwaka tulikuwa na mtu wa kupeleka hospitali na kidole kwenye kitambaa. Akatupanga mstari, watu wazima, akatufundisha mmoja mmoja. Gumba lisikae njiani, alisema, mimi langu limeshalipa kwa ajili yenu. Tukamcheka sana. Tangu hapo hakuna aliyekatwa. Wanaokuja tunawafundisha sisi, hata wasiomjua."

"Nyumbani alisema anafungua vile kwa sababu kidole kimekufa."

"Nyumbani hapakuwa na robota," Mama Mizani alisema.

Binti alikuwa mstari wa tatu, ndani ya koti la kiume linalomfika magotini, leso puani. Alipomwona mama akikatiza uwanja, aliuficha mkono nyuma.

"Mama, mimi si karani," alisema.

"Naona."

"Nilitaka kusema. Tulipatana mlangoni."

"Mwanangu, tuyaache ya mlangoni. Mlangoni ndiko nilikokuacha upige magoti utafute viatu, na mimi nimekaa. Hilo ndilo lililonileta. Nisamehe." Alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wawili waliokuwa karibu wakajifanya wanachambua soksi. "Kwa mama yako nimeshaeleza yote ya Jumapili, na radhi nimeomba, ameipokea kama alivyoipokea. Yule mwingine anakupigia simu."

"Naziona. Aliambiwa kaa, akakaa."

"Hilo ataliomba kwa mdomo wake. Mimi sikumzaa nimwazime na ulimi."

Binti akashusha leso. Hakutabasamu, lakini mkono aliouficha ulirudi mbele. Mama akafungua mkoba, akamnyooshea kisu cha marehemu.

"Hiki kimelala miaka mitatu. Kwangu hakuna anayekiweza."

Binti alikipima kiganjani. Kutu ilikuwa imeanza kwenye kiungo. Alitia kucha ya kidole cha pete, akatikisa mkono, kikagoma. Mara ya pili kikakwaruza, kikarudi. Watu waliacha kuchambua. Hata yule wa juu ya mashuka aliinua kofia. Mara ya tatu, tak, likatoka bapa la zamani, limelika kwa kunolewa mpaka limekuwa jembamba kama jani, na mama akaziba mdomo kwa mkono.

"Kilaze," alisema kupitia vidole.

"Lala," binti alikiambia.

Mama Mizani alikuwa amewafuata, penseli imerudi nyweleni. "Kwa hiyo Jumamosi?"

"Tunakuja kumi na wanne," mama alisema. "Tafuta viti."

"Na huyo shangazi aliyemhesabia mwanangu miaka?"

"Yumo."

"Aje. Viatu vyake nitavipokea mimi mwenyewe mlangoni, nivipange." Halafu macho yake yakashuka kwenye mkoba wa mgeni, yakakaa hapo. "Na wewe alikuwa anakufungulisha marobota?"

Mama alitazama chini. Vidole vinne vilikuwa vimeukamata mpini wa mkoba. Gumba lilikuwa limesimama kando, limenyooka, zima kabisa.